Makande ya Mgeni Rasmi

Habari za kifo cha Madam Generoza zilinikuta Isaka, jikoni kwangu, nikichagua mchele. Simu ililia, nikafuta mikono kwenye upindo wa kanga, nikasoma. Wazazi wa zamani wa shule yake wana kundi lao la simu, mtu fulani aliniingiza humo bila kuniuliza, na asubuhi ile kila mmoja alikuwa akitupia maua na mishumaa. "Mama yetu sote." "Mlezi wa kweli ametutoka." "Mungu akupe pumziko la milele, shujaa wa elimu." Nilisoma yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani akitafuta kasoro. Kisha nikaweka simu juu ya gunia la unga na kuendelea na mchele wangu, maana madereva wanaosubiri mizigo pale bandari kavu hawajui msiba wa mtu, wanajua saa ya kula. Dereva mmoja aliyeketi karibu na dirisha akaniuliza, "Mama Kulwa, mbona unatabasamu peke yako?" Nikamwambia nimekumbuka sherehe fulani ya zamani. Jina langu la nyumbani ni Milembe, na kwetu Usukumani Milembe ni amani. Wazazi wangu walinipa kwa nia njema, na kwa sehemu kubwa ya maisha nimejitahidi kulibeba. Nimesamehe wanaume, nimesamehe wenye nyumba, nimemsamehe hata aliyewahi kunimwagia genge langu barabarani. Madam Generoza nilimweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni punje nyeusi ya mchele, na hapo pembeni ndipo alipo mpaka leo, maiti au mzima.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa bado msichana kwa sura, ingawa nilishakuwa mama wa pacha. Tuliishi Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, katika chumba kimoja cha tofali za kuchoma ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa baa, kwa hiyo wanangu walijifunza nyimbo za mapenzi kabla ya sala. Niliwapikia wachimbaji wadogo. Walitoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wamepakaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, wakaketi kwenye mabenchi yangu na kula ugali kwa dagaa, au kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yangu aliniletea kutoka kijijini. Baba wa watoto alikuwa ameshaondoka, na hana nafasi katika simulizi hii. Pacha kwetu hawatafutiwi majina: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Wangu walikuwa wasichana, na walikuwa wamefikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Kulwa alikuwa msemaji. Doto alikuwa na kigugumizi. Nyumbani hatukukiita ugonjwa. Kilikuwa kama mwendo wa mtu anayechechemea: unapunguza hatua, mnafika pamoja. Hata wachimbaji walimngoja. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wenye mikono kama sururu wakishikilia tonge hewani, kimya, mpaka Doto amalize kuwaambia mboga ya leo ni nini, halafu ndipo wakaitikia, "Ahsante, Doto," na kula.

Wazo la shule ya kulipia nililipata kwa kusikiliza mazungumzo yasiyonihusu. Asubuhi wake wa wafanyakazi wa mgodini walikuja kununua maandazi, na wakati mafuta yanachemka waliketi na kuongea juu ya watoto wao waliokuwa wakisoma Kahama mjini, kwa Madam Generoza. Mmoja, Mama Happy, alikuwa na mazoea ya kulalamika kwa kujisifu. "Mwenzangu, mimi nyumbani sina raha tena. Nikifungua mdomo kusema Kiingereza changu, Happy ananirekebisha. Darasa la pili tu!" Wenzake wakacheka na kupeana mikono. Mimi niligeuza maandazi na roho ikanipaa. Nilitaka na mimi kurekebishwa. Nilitaka wanangu wote wawili wakae mezani kwangu waniambie, mama, hapo umekosea. Happy akirudi likizo, Kulwa alimfuata kila alikokwenda akiokota maneno kama kuku anavyookota punje, na jioni alimgawia Doto chini ya shuka. Nilianza kujibana. Sitaeleza nilijibana vipi, kila mama anayesoma hapa anajua.

Usaili ulifanyika Januari, Jumamosi ya mvua. Tulipanda gari la alfajiri, wanangu wamevaa magauni niliyoyashonesha kwa kitenge kimoja, viatu vyao nimevibeba kwenye mfuko ili tope lisivifikie, nikawavalisha getini. Ofisi ya Madam naikumbuka vizuri kuliko chumba cha harusi yangu. Makochi mekundu yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Kabati la kioo lenye vikombe vya ushindi. Zulia ambalo niliogopa kulikanyaga, nikabaki nimesimama pembeni yake mpaka katibu akaniambia, "Pita tu, mama, halitakung'ata." Palinukia nta ya sakafu na chai ya tangawizi. Wazazi wengine walikuwa wameketi na watoto wao kuzunguka kuta zote, kwa sababu Madam hakuwasaili watoto faraghani, alipenda hadhara. Kulikuwa na baba mmoja aliyevaa beji ya mgodini shingoni hata siku ya mapumziko, na mama mmoja wa Kihindi aliyempepea mwanawe kwa bahasha. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wewe ni dada wa kazi? Mama yao yuko wapi?"

"Ni mimi, Madam."

"Ooh," akasema, akiivuta ile sauti mpaka chumba kizima kikanitazama miguu. "Haya. Tuwaone."

Akaanza na Kulwa. Akamwuliza kwa Kiingereza jina lake, umri wake, rangi ya ukuta. Kulwa akajibu kama anaimba, mikono nyuma, na Madam akainua nyusi. Kisha akamgeukia Doto na kumwuliza jina. Doto alilijua swali na alilijua jibu. Alikuwa amelifanyia mazoezi chini ya shuka wiki nzima. Akakaza shingo, akaanza: "D-d-d..." Kwa sisi tuliomzoea, alikuwa njiani. Angepewa muda wa kumeza mate tu, angefika. Madam akaweka kalamu chini. Akaegemea kiti. Akanyoosha mkono wake wenye pete na kuuzungusha kama mtu anayenyonga eksileta, na kwa sauti ya kufikia ukuta wa nyuma akasema, "Do-do-do-do-do! Hili ni jina, au pikipiki imegoma kuwaka?"

Walicheka. Baba mwenye beji alicheka mpaka akafuta macho. Katibu alicheka ameinamia mashine yake ya kuchapa. Wale ambao hawakucheka walitabasamu, na mimi siwatofautishi. Doto hakulia. Aligeuka taratibu na kunitazama usoni, na nilielewa anachotafuta: alitaka kuona kama na mimi nacheka. Miaka yote hii nimejaribu kuusahau ule mtazamo na sijaweza, na tangu zamani nimeacha kujaribu.

"Huyu Kulwa tunamchukua," Madam alisema, akiandika. "Mwepesi. Huyo mwenzake mpeleke serikalini. Kule darasa moja wako wengi, hakuna mwenye haraka ya kumsikia."

"Madam, hawa wamezaliwa pamoja."

"Kuzaliwa pamoja siyo kusoma pamoja, mama. Anayefuata!"

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau, na mimi nilikuja kujua kwamba walisema kweli tupu. Tulirudi Kakola. Wachimbaji wakaketi, wakamwuliza Doto kama kawaida mboga ni nini, matonge yao hewani. Doto akanyoosha kidole kwenye sufuria. Wakangoja. Hakusema. Mzee mmoja wa duara, Sengerema wanamwita, akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, mtoto amefanywa nini huko mjini?" Nikamwambia amechoka na safari. Kuanzia siku ile Doto alizungumza na watu wawili tu duniani, mimi na Kulwa, na hata sisi kwa kunong'ona.

Watu waliosikia habari hii huniuliza kwa nini basi nilimpeleka Kulwa kwa mwanamke yule. Huwa nawajibu kwamba nafasi ya shule haitupwi, na hilo ni kweli. Lakini kweli yote ni kwamba nilitaka mlango. Mtu aliyekuumiza akiwa ndani ya nyumba yake, na wewe uko nje ya geti, utaishia kutukana mbwa wake. Nikauza mabenchi yangu, nikahamia Kahama, nikapanga chumba nyuma ya shule. Kulwa akavaa sweta la bluu bahari, Doto akavaa gauni la bluu la serikali, na shule zao, kwa mpango wa Mungu au wa shetani, zilikuwa zimetenganishwa na ua wa michongoma peke yake. Wakati wa mapumziko walikutana pale uani, kila mmoja upande wake. Kulwa alimpitishia chapati, Doto alimpitishia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Kulwa alivipenda na ambavyo kwa Madam vilihesabiwa uchafu. Kulwa alikamatwa akinong'ona Kisukuma kupitia majani. Akavalishwa kibao shingoni, adhabu ya asiyesema Kiingereza, akashinda nacho siku nzima, akarudi nacho nyumbani ili akilete kesho yake. Nilikikuta mlangoni. Nilikitia jikoni kikapikia maharage, na kesho yake nikamwambia mwalimu wa zamu kimepotea.

Katikati ya mwaka mpishi wa shule alitoroka, alipata mume Geita. Kwenye kikao cha wazazi Madam akasimama na kusema kwa unyonge wa kuigiza kwamba watoto wetu wanakula uji asubuhi na uji mchana, je, hakuna mama mwenye kujua jiko? Nikanyoosha mkono. Akanitazama moja kwa moja machoni. Nilifikiri atanikumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno yangu. "Wewe ni mama wa nani?" akauliza. Nikasema, wa Kulwa. "Aah, Kulwa! Yule mwepesi. Ana mwenzake?" Nikasema anaye. "Naye umlete basi, mbona unamficha?" akasema, na wazazi wakapiga makofi kwa ukarimu wake. Alikuwa amesahau. Mzigo niliokuwa nao kichwani tangu Januari, yeye hakuwahi hata kujua kwamba ameuweka pale. Kama ningekuwa mtu mwema zaidi, hapo ningelegea. Mimi ndipo nilipokaza.

Nilipika vizuri. Nataka hilo lieleweke, sikuwahi kutema mate kwenye chungu cha mtu, na watoto wa Madam walinenepa mikononi mwangu. Wageni wake nao walikula chakula changu, kwenye chumba kidogo cha maakuli kilichopakana na jiko, ukuta una tundu la kupitishia sahani. Kupitia tundu lile nilisikia mengi. Siku moja Madam alitembelewa na mkuu wa shule nyingine ya kulipia kutoka Shinyanga mjini na mkewe. Nilikuwa nimetengeneza kuku wa kienyeji na ndizi, na nilikuwa nakuja na bakuli la mchuzi, nikamsikia Madam akisema, "Ngoja niwape kichekesho cha usaili. Mwaka huu kuna mmama kaniletea katoto, nikakauliza jina." Kisha nikausikia: do-do-do-do-do. Hata bila kuona nilijua mkono unanyonga eksileta. "Nikamwambia, hili ni jina au pikipiki imegoma kuwaka?" Mke wa yule mkuu alicheka mpaka akapaliwa, na Madam, huku naye akicheka, akaita, "Mama Kulwa! Lete maji, mgeni ananifia!" Nilipeleka maji. Niliweka glasi mezani, mchuzi nikauweka katikati, nikasema karibuni. Nilirudi jikoni. Kwa hiyo lilikuwa limekuwa kichekesho. Alikuwa akilitembeza. Mwanangu aliyefungwa mdomo alikuwa akiandaliwa mezani pamoja na kuku wangu.

Kutoka hapo nilingoja sherehe ya wazazi ya kufunga mwaka. Madam aliitukuza sherehe ile kuliko Krismasi. Wazazi walichanga mchele, mafuta, ng'ombe mzima na mbuzi. Mahema mawili yalisimamishwa uwanjani. Viti vikavalishwa mashela. Na mgeni rasmi alikuwa Mzee Masanja, mfanyabiashara wa pamba kutoka Shinyanga, mtu mnene mwenye kiu ya heshima, ambaye Madam alitarajia angeahidi kumjengea bweni. Siku hiyo hiyo shule ya serikali nayo ilikuwa inafunga, na huko wazazi walikuwa wamechanga walichonacho, mahindi na maharage. Mpishi wao, Mama Shija, alikuwa jirani yangu wa chumba. Jiko lake na langu yalipeana mgongo, michongoma katikati. Nilimweleza kila kitu jioni moja tukisuka ukili. Alisuka mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mayu, wewe una wazimu." Akasuka kidogo tena. "Ile sehemu ya ua iliyooza, karibu na tangi, tukiikata, sufuria kubwa inapita?"

Ilipita. Nilipika pilau ya maisha yangu, nyama nimeikaanga mpaka mtaa ukasimama, kachumbari, mbuzi wa kuchoma. Wanawake wawili niliopewa kunisaidia walikuwa na watoto wao upande wa pili wa ua, sikuhitaji kuwabembeleza. Wakati Madam anasoma risala na vipaza sauti vinapiga kelele, tulipitisha masufuria. Pilau ilikwenda serikalini, makande yao ya mahindi na maharage yakaja kwetu. Nikayamimina kwenye hotipoti zile za maua, nikazifunika, nikazipanga kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, vijiko vya kupakulia pembeni, maua ya plastiki katikati. Nilivaa kanga safi. Nilisimama nyuma ya meza na kitambaa mkononi kama mpishi wa hoteli.

Mshereheshaji akamkaribisha mgeni rasmi. Mzee Masanja akaja akijifuta jasho, Madam yuko ubavuni pake, akisema, "Karibu, mzee wetu, mpishi wangu ni hodari, utajiuma vidole." Mzee akafunua hotipoti ya kwanza. Akaifunika. Akafunua ya pili. Akamtazama Madam. Madam akacheka kidogo, akaifunua ya tatu yeye mwenyewe, halafu ya nne, halafu akawa anafunua kwa haraka mpaka mfuniko ukaanguka. Kutoka upande wa pili wa michongoma, mamia ya watoto wakapiga kelele moja kubwa ya furaha.

"Mama Kulwa," Madam akasema kwa sauti ya chini, meno yamebana, "chakula kiko wapi?"

"Ndicho hiki, Madam."

"Pilau! Nyama! Viko wapi?"

"Viko serikalini," nikasema, na mimi sikushusha sauti. "Kule darasa moja wako wengi."

Akaniambia nimechanganyikiwa, akaita mlinzi. Mzee Masanja, ambaye njaa ilikuwa imemtia udadisi, akanyanyua mkono. "Subiri. Huyu mama anasema nini?" Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu Jumamosi ya mvua, na kochi jekundu, na eksileta. Wazazi walikuwa bado wamesimama kwenye foleni na sahani tupu. Madam akageuka kuwaelekea, mkono kifuani. "Wapendwa wazazi, mnanijua. Mimi nimtukane mtoto? Mama huyu simkumbuki kabisa kwenye usaili wangu." Na nadhani alikuwa akisema kweli yake. Hapo ndipo nilipoona mstari wa kwaya ya watoto ukivunjika, na Kulwa, soksi nyeupe, utepe kichwani, akitembea katikati ya viti. Sikumtuma. Hakujua chochote. Alisimama mbele ya mgeni rasmi, mikono nyuma, kama siku ya usaili. "Shikamoo, babu. Mama anasema kweli. Alisema, hili ni jina, au pikipiki imegoma kuwaka. Wote walicheka. Na yule baba pale alicheka." Akanyoosha kidole. Baba mwenye beji alikuwa kwenye foleni, na nilimwona akiinamisha kichwa na kuanza kukagua viatu vyake kama ameviazima.

Ningependa kuandika kwamba Madam alishikwa na kigugumizi. Ningekuwa mwongo. Aliinama akauokota ule mfuniko wa hotipoti, akabaki ameushika. Mzee Masanja akachukua kijiko cha kupakulia, akajijazia sahani makande, akarudi meza kuu, akaketi. "Hayana chumvi," akasema. "Nani ana chumvi?" Mimi sijui kama alifanya vile kwa haki au kwa njaa, na hainihusu. Ninachojua ni kwamba mgeni rasmi akila, hakuna anayekataa. Wakapita mmoja mmoja. Wanaume wa suti, wanawake wenye vilemba vya Kinaijeria, yule katibu, yule baba mwenye beji. Niliwapakulia kwa mkono wangu, kila mtu kijiko kilichojaa, nikamwambia kila mtu karibu. Na Madam, kwa kuwa kiti chake kilikuwa pembeni ya mgeni rasmi na macho yote yalikuwa pale, ilibidi ale. Nilisimama nikamwangalia akitafuna. Mahindi yale yalikuwa magumu. Alitafuna muda mrefu. Nimewahi kupata mali kidogo maishani, nimewahi kupendwa, nimeona wanangu wakifunga ndoa, na nitakwenda mbele ya Muumba wangu na kusema kwamba sijawahi kushiba kama siku ile ambayo sikula kitu.

Gari la mgeni halijatoka getini vizuri, Madam alishapiga simu polisi. Kituoni afande wa zamu aliniuliza, "Mama, umeiba chakula?" Nikasema sijaiba, tumebadilishana. "Mmebadilishana na nani?" Na watoto, afande. Akasugua paji la uso. Akatoa simu yake, akampigia mkewe, akamwuliza kijana wao amekula nini leo shuleni. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, hata mimi niliisikia: "Anasema pilau! Na nyama! Anasema serikali imebadilika!" Afande akakata simu, akakaa akitazama dirisha, mabega yakimtikisika. Madam hakuja kuandika maelezo yake. Nafikiri alipiga hesabu ya aibu akaona imetosha. Jua likiwa bado juu, niliambiwa niende nyumbani na nisirudie.

Kulwa alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilikunja lile sweta la bluu bahari nikalipeleka mwenyewe getini, nikampa mlinzi. Januari iliyofuata pacha wangu walikaa dawati moja serikalini, na wengine watatu juu yake, na Kiingereza chao walikuja kukipata baadaye kwa njia ndefu na ya tope. Shule ya Madam haikufa. Sitaki kumdanganya mtu. Iliongeza madarasa, ilinunua basi. Lakini Kahama nzima iliacha kuiita kwa jina lake. Bodaboda ukiwaambia nipeleke kwa Madam Generoza, walikuuliza, "Pale Makande?" Alipaka rangi kuta, alibadilisha mabango, alichapisha fulana, na bado wapiga debe stendi waliita, "Wa Makande, panda!" Alijenga ghorofa, nalo likaitwa ghorofa la Makande. Miaka yote iliyombakia aliishi ndani ya jina nililompa, na hakuna usaili uliomwondoa humo.

Jioni ile nilipotoka kituoni nilikuta wanangu mlangoni, na Mama Shija amekaa nao, na majirani wamejaa wanataka kuhadithiwa. Nilikuwa nimeanza kuhadithia, nimefika kwenye mfuniko, niliposikia, "Ma-ma-ma..." Nikanyamaza. Majirani nao wakanyamaza, bila kuambiwa na mtu. Doto alikuwa amesimama katikati yetu, shingo imekaza, ngumi amezifumba. Ilimchukua muda. Hakuna aliyesogea. "Ma-mama, pi-pilau ya leo ulizi-zidisha chumvi." Mama Shija alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka, na Doto, akiona kwamba anacheka naye na siyo kumcheka, akaongeza kwamba hata nyama ilikuwa na ma-mafupa mengi.

Sasa ni muuguzi, Ushirombo, na bado ana kigugumizi, na wagonjwa humngoja. Juzi alinipigia. Alikuwa amepata habari. Akaniambia anaomba ruhusa kazini aende Kahama kwenye maziko, yeye na Kulwa wameshapanga. "Mama, mi-mimi yule nilisha-sha-shamsamehe zamani," akasema. "Hata wewe u-unge..." Nilizima jiko ili nimsikie. Nilimngoja mpaka akamaliza yote aliyotaka kusema, na yalikuwa maneno mazuri, ya mtu aliyelelewa vizuri. Kisha nikamjibu.

"Nendeni mkazike, mwanangu. Wakiuliza mama yenu yuko wapi, waambieni yuko jikoni."